Nusu Kaputi na Wimbo wa Kwaya

Kiswahili cha wazee kina neno lake la dawa ya usingizi ya hospitali: nusu kaputi. Kaputi ni Kijerumani kilichobaki nyuma baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka, na maana yake ni kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Anayepigwa nusu kaputi, basi, anafishwa nusu, halafu ndugu wanakaa nje kungoja arudi. Mkoa wa Rukwa unalijua jambo hili la Wajerumani kwa karibu, maana boma lao la Bismarckburg lilisimama Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Daktari anaweza kueleza asubuhi nzima kwamba dawa za siku hizi si za enzi za klorofomu. Neno lenyewe limeshamfikia mgonjwa kabla yake.

Hofu hiyo ina gharama. Mgonjwa mwenye hofu kubwa presha yake hupanda, mapigo ya moyo huenda mbio, mwili hukakamaa pale unapotakiwa kulegea, na mara nyingi dawa ya kumlaza au kumtuliza inahitajika zaidi. Akitoka mezani akiwa bado na hofu, maumivu nayo humzidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari wamekuwa wakijaribu kuituliza hofu hiyo kwa kitu kisichomezwa wala kuchomwa: muziki. Swali ni unasaidia kiasi gani, unamsaidia nani, na kama una nafasi mahali kama Milepa, mbali na hospitali zilikofanyiwa tafiti nyingi.

Milepa ni kata ya Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyambalyamfipa, ule ukuta wa milima unaotenganisha joto la bondeni na baridi ya uwanda wa Ufipa. Watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta. Wafugaji wa Kisukuma walishahamia bondeni na ng'ombe wao, kwa hiyo benchi moja la wagonjwa linaweza kukaliwa na Kifipa, Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja. Kwa miaka mingi neno upasuaji huku lilikuwa na maana ya kupanda: gari, kona, matope ya masika, hadi Sumbawanga mjini, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Kanisa Katoliki yenye jina la Dk. Atiman. (Huyo Adrian Atiman anastahili makala yake peke yake. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuishi huko akitibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956.) Tangu mwaka 2017 serikali imejenga au kukarabati vyumba vya upasuaji katika mamia ya vituo vya afya nchini, ili mama ambaye uchungu umemkwama asilazimike kuupanda mlima usiku. Kisu kimesogea karibu na kijiji, na hofu ya kisu imesogea pamoja nacho.

Kuna jambo moja kuhusu upasuaji wa ngazi hii ambalo tafiti za Ulaya hulitaja kwa kupita tu. Sehemu kubwa hufanyika mgonjwa akiwa macho. Uzazi wa kisu, ngiri na busha mara nyingi hufanyika kwa sindano ya mgongo, na tohara kwa ganzi ya pale pale. Mgonjwa haumii, lakini yupo, na masikio yake yanafanya kazi.

Tuseme ni mama wa mimba ya pili na mtoto amekaa vibaya. Ameketishwa ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, ameambiwa ainame, kidevu kifuani, mabega ayalegeze. Spiriti ya baridi inapita mgongoni, kisha sindano. Dakika chache baadaye miguu inakuwa mizito, halafu inakuwa si yake. Wanamlaza, mikono wanaitandaza pembeni, na kitambaa cha kijani kinapandishwa mbele ya uso. Kuanzia hapo macho hayana kazi. Anasikia koleo zikiangukia bakuli la chuma. Anasikia mashine ya kufyonza ikikoroma, mkanda wa presha ukijijaza hewa kwenye mkono wake, jenereta ikikohoa nje ya dirisha, na watu wakisemezana kwa sentensi nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Neno "damu" limetajwa mara mbili. Ni damu yake wanayoizungumzia, na hana pa kuangalia isipokuwa dari.

Sasa muuguzi aliyekaa upande wa kichwa anainama. "Mama, nikuwekee wimbo gani?"

"Ule wa kwaya yetu, sista. Umo kwenye simu ya baba watoto."

Kinachotokea hapo kimeshapimwa mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1914 daktari mpasuaji wa Pennsylvania, Evan O'Neill Kane, aliliandikia jarida la chama cha madaktari wa Marekani kueleza jinsi gramafoni ndani ya chumba cha upasuaji inavyomtuliza mgonjwa na kumwondoa mawazo kwenye kitisho kinachomkabili. Kane hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 1921 alijipasua mwenyewe akatoa kidole tumbo chake kwa ganzi, kwa hiyo hofu ya mezani aliijua kutoka pande zote mbili za kisu. Barua yake ilikuwa ushuhuda wa mtu mmoja tu. Ilichukua karne nzima kufikia hesabu ya kueleweka, nayo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Watafiti wa London wakiongozwa na Jenny Hole walikusanya majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000 na kuyapima kwa pamoja. Waliosikiliza muziki walikuwa na maumivu pungufu baada ya upasuaji, hofu pungufu, walihitaji dawa pungufu za maumivu, na waliridhika zaidi na huduma. Siku za kulazwa hazikupungua. Muziki ulisaidia ukiwekwa kabla, wakati wa au baada ya upasuaji, na hata kwa waliolazwa kabisa kwa dawa, ingawa kwa hao faida ilikuwa ndogo zaidi.

Habari hiyo ilipotangazwa wengi walishangilia. Mimi naomba tusimame kidogo kwenye ukubwa wa namba. Mapitio ya awali ya mtandao wa Cochrane, ya mwaka 2006, yaliyokusanya tafiti 51 za muziki na maumivu, yalikuta maumivu yanapungua kwa wastani wa nusu pointi kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi. Aliyesema saba, sasa anasema sita na nusu. Kwenye hofu kabla ya upasuaji mambo yalikuwa mazuri zaidi: mapitio ya mwaka 2013, yenye majaribio 26 na watu 2,051, yalikuta hofu inashuka takriban pointi sita kwenye kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80. Muziki, basi, unaigusa hofu kuliko unavyoyagusa maumivu. Hii haishangazi kwa aliyewahi kubembeleza mtoto aliyeanguka. Wimbo unanyamazisha kilio, na goti linabaki limevimba.

Na hata hiyo nusu pointi ina mgogoro wake huku kwetu. Kipimo cha sifuri hadi kumi kinamtaka mgonjwa aseme kweli, wakati malezi yetu yanamtaka avumilie. Mwulize mzee wa Kifipa aliyetoka kufanyiwa ngiri anaumwa kiasi gani. "Kidogo tu, mwanangu," atakujibu, huku jasho likimtiririka. Mwanamke aliyejifungua amefundishwa tangu usichana kwamba kupiga kelele ni aibu. Muuguzi mzuri haishii kwenye jibu la mdomo. Anaangalia vidole vilivyokunjwa, anaangalia namna mgonjwa anavyogeuka kitandani, anauliza kama usiku alilala.

Udhaifu mwingine hauna dawa kabisa. Katika jaribio la vidonge, mgonjwa anaweza kupewa kidonge cha unga mtupu bila kujua. Hakuna wimbo mtupu. Anayesikia muziki anajua anasikia, na anajua anategemewa kutulia. Kwa hiyo sehemu ya faida inaweza kuwa ni heshima ya kushughulikiwa tu. Sioni kama hilo linauharibu muziki, lakini linatulazimisha kuuliza kilichofanya kazi ni kipi hasa.

Historia imeshaonyesha mtego huu. Kuelekea mwaka 1960 daktari wa meno wa Boston, Wallace Gardner, pamoja na J. C. R. Licklider (huyu huyu ambaye baadaye mawazo yake yalisaidia kuzaa intaneti), walitangaza kwamba muziki uliochanganywa na mshindo kama wa maporomoko ya maji, ukipigwa kwenye masikio ya mgonjwa, unaweza kufanya jino ling'olewe bila ganzi. Vifaa vikauzwa, kliniki zikavinunua. Mwaka 1963 Ronald Melzack na wenzake wakaujaribu mshindo huo maabara. Mshindo peke yake haukufanya kitu cha maana. Ulipoambatana na maneno ya kumwaminisha mtu kwamba utamsaidia, ndipo watu wakastahimili maumivu kwa muda mrefu zaidi. Vile vifaa vikaishia stoo.

Melzack hakuishia hapo. Mwaka 1965, yeye na Patrick Wall walitoa nadharia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kuelewa maumivu: kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na habari ya maumivu kutoka kwenye jeraha hupita kwa wingi au uchache kulingana na lilivyofungwa au kufunguliwa lile lango, na kwamba ubongo wenyewe, kwa hofu yake, umakini wake na kumbukumbu zake, una mkono kwenye komeo. Mengi yamesahihishwa tangu hapo, lakini wazo kuu limesimama. Mgonjwa anayelikodolea macho jeraha lake anafungua lango. Anayefuatilia ubeti wa pili wa wimbo anaoupenda analirudisha kidogo. Muziki wa polepole, wa mapigo kama 60 hadi 80 kwa dakika, unaelekea pia kuupunguza mwendo wa moyo na pumzi, na hii ndiyo sababu hospitali nyingi zinazotumia muziki huchagua ala tulivu zisizo na maneno.

Hapo ndipo mimi nakwama na hekima ya hospitali za mbali, kwa sababu Afrika Mashariki tayari ina upasuaji uliojaa muziki, na muziki wake si tulivu hata kidogo.

Nenda Mbale, mashariki ya Uganda, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana wa Kigisu anayeingia imbalu hucheza kwa siku kadhaa kabla ya kutahiriwa, njuga mapajani, ngoma za kadodi zikimfuata kutoka boma hadi boma la ndugu zake. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wabukusu wa Kenya, kijana hupakwa tope mtoni asubuhi ya siku yenyewe na kurudishwa nyumbani huku umati ukimwimbia sioyaye. Kisha anasimama. Hakuna ganzi. Hatakiwi kupepesa jicho. Daktari wa Stockholm akikipima kifua cha kijana yule atakuta moyo unadunda kama unataka kutoka. Ngoma haikumtuliza, imempandisha. Imemfikisha mahali ambapo maumivu yanakuja yakimkuta ameshakuwa mtu mwingine, na kijiji kizima kiko nyuma yake kikiimba.

Hapa kuna njia mbili za muziki kumsaidia mtu mbele ya kisu: moja humshusha, nyingine humpa ushujaa, na tafiti za hospitali karibu zote zimeipima ile ya kwanza. Sitetei kukata bila ganzi. Kwenye hilo hospitali imeshinda, na ishinde. Ila tusije tukadhani kwamba muziki wa tiba ni lazima uwe piano ya kunong'ona na sauti za ndege.

Kwa Wafipa mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa jando halikuwa desturi yao. Ndiyo maana Rukwa iliwekwa kwenye mikoa ya mpango wa tohara ya hiari, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kati ya mwaka 2005 na 2007 kwamba tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Vijana wengi wa Ufipa na bondeni wamekipokea kisu bila kupokea ngoma yake. Gari la matangazo limewapigia muziki barabarani hadi wakajitokeza, halafu ndani, kitandani, kimya. Dakika zile ishirini au thelathini, kijana akiwa macho na ganzi imekolea, ndizo rahisi kuliko zote kuzijaza na wimbo, tena wimbo anaouchagua mwenyewe. Kama atataka Bongo Fleva ya kurukaruka, awekewe, mradi alale tuli.

Lakini si kwamba eneo hili halikuwa na muziki wa tiba. Walungu, majirani wa Wafipa walioko pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, wanajua ngoma za ngulu, pepo ambazo mganga hupandisha kwa ngoma na nyimbo ili mgonjwa apone. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeanza kwa kuusoma Ufipa miaka ya 1960, aliwafuata waganga hao upande wa Zambia na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1999. Ukiyasoma maelezo hayo unaona jambo ambalo spika za masikioni haziwezi kulitoa: mgonjwa yuko katikati, na wengine wote wanapiga na kuimba kwa ajili yake. Kiswahili nacho kina ngoma kwa maana zote tatu: kile kifaa chenye ngozi, mchezo wenyewe, na shughuli nzima ya uganga.

Ila usithubutu kuipeleka ngoma hiyo chumba cha upasuaji Sumbawanga. Huu ni mji ambao jina lake wenyeji hulifasiri kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, na ni mkoa wenye Wakatoliki wengi na makanisa ya kila aina. Kwa mgonjwa mmoja ngoma ya ngulu ni mlango wa uzima, kwa mwenzake wa kitanda cha pili ni shetani ameingia wodini. Muziki una historia kichwani mwa anayeusikia, na historia hiyo haionekani kwenye kasi ya mapigo.

Mfano mkali kuliko wote ni kwaya. Kila muuguzi mwema atakimbilia huko, maana nani hapendi kwaya? Sasa kumbuka ni wapi tunapozisikia nyimbo za kwaya kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine popote. Msibani. Turubai limefungwa, spika mbili zimesimamishwa kwenye viti, na tangu alfajiri nyimbo zile zile zinazunguka hadi jeneza litoke. Kuna nyimbo ambazo mtu akizisikia mahali popote anatafuta kwa macho nani amefariki. Mwekee wimbo wa namna hiyo mama aliyelazwa mikono imetandazwa, haoni miguu yake, amesikia neno damu mara mbili. Umemtuliza, au umemwimbia mazishi yake?

Mapitio ya Lancet yalisema kwamba mgonjwa kuchagua wimbo mwenyewe hakukuleta tofauti kubwa kwenye wastani. Wastani wa wagonjwa 7,000 waliolala hospitali za Sweden, Uturuki au Marekani hauwezi kumwona yule mama mmoja. Kwangu kuchagua si anasa, ni sehemu ya usalama, kama kumuuliza mgonjwa dawa gani inamdhuru. Na si kila anayechagua atachagua muziki. Mwislamu anaweza kutaka kasida, au asitake kasida wala kinanda bali Kurani, na hapo mhudumu ajihadhari asiuite usomaji huo muziki mbele yake. Iran wameufanyia usomaji huo wa Kurani utafiti wa kutosha kwa wagonjwa wa upasuaji. Mwingine atataka kimya, naye apewe kimya chake. Msukuma aliyefika jana kutoka kambi ya ng'ombe anaweza kuutaka wimbo wa kwao ambao hakuna simu yoyote ya kituoni iliyo nao. Kwa huyo, mwambie ndugu yake aulete.

Mgonjwa aliyechomwa ketamini ni habari nyingine. Dawa hii ni mkombozi wa vituo visivyo na mashine ya usingizi, lakini mtu anapozinduka nayo anaweza kuona maono, kupiga kelele, kutomjua mama yake. Ushauri wa siku zote kwa dakika hizo ni utulivu, mwanga hafifu na sauti chache. Wimbo wa kumtuliza utangulie kabla ya sindano. Wakati wa kuzinduka, sauti moja ya mtu anayemfahamu inatosha.

Nao walioshika visu wanasikia. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuzichunguza kwa video operesheni 20, wakakuta pale muziki unapopigwa chumbani, uwezekano wa mpasuaji kulazimika kurudia ombi lake kwa muuguzi ulikuwa kama mara tano zaidi. Tanzania ina mchango wake kwenye suala hili la kusikilizana chumbani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo timu husimama na kuisoma kwa sauti kabla ya dawa, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka, ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane za dunia, na moja ilikuwa Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna wimbo uliowahi kufanya hivyo. Kwa hiyo sauti iwe kwenye sikio la mgonjwa, si kwenye sabufa ya chumba kizima, sikio moja liachwe wazi asikie anapoambiwa jambo, na orodha inaposomwa, kila kitu kizimwe.

Kumsikia muuguzi ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha mwaka 2019 jaribio la wagonjwa 157 waliokuwa wakichomwa ganzi ya mshipa wa fahamu: kundi moja lilipewa midazolamu, dawa ya kutuliza, na jingine dakika tatu za muziki kwenye vifaa vinavyozuia kelele za nje. Hofu ilishuka sawasawa. Lakini waliosikiliza muziki waliridhika kidogo kuliko wenzao, na wao na madaktari walisema ilikuwa vigumu kuzungumza. Wimbo waliowekewa hawakuuchagua. Masikio yalizibwa wakabaki peke yao.

Ukiliweka jaribio hilo kando ya lingine la Ujerumani la mwaka 2020, unaona njia. Wagonjwa 385 waliolazwa kabisa kwa dawa waliwekewa masikioni muziki pamoja na maneno ya kuwatia moyo, wenzao wakavaa spika zisizo na sauti. Waliosemeshwa waliumwa pungufu baadaye kwa karibu robo na wakahitaji dawa kali pungufu. Na kabla ya hapo, mwaka 1964, hospitali moja ya Boston ilikuwa imeonyesha kwamba wagonjwa waliotembelewa na mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji, wakaelezwa maumivu yatakuja wapi na wafanye nini yakija, walihitaji nusu tu ya dawa za maumivu waliyohitaji wenzao. Hapakuwa na gramafoni wala redio. Alikuwa mtu amekaa pembeni ya kitanda anaongea.

Huu ndio uamuzi wangu juu ya suala zima. Muziki unafanya kazi pale unapokuwa njia ya mtu kumshughulikia mtu. Ukiuondoa huyo mtu unabaki na mshindo wa maporomoko ya maji wa Boston.

Hatari iliyobaki ni ya kiserikali kuliko ya kitabibu. Muziki ni bei rahisi, na kitu cha bei rahisi hupendwa haraka na mwenye bajeti finyu. Morfini na pethidini ni dawa za kabati lenye kufuli na sahihi mbili, na mara nyingi haziufikii mkono wa mgonjwa wa kituo cha afya. Anabaki na diklofenaki na panadoli, zikiwepo. Karibu tafiti zote za wagonjwa nilizozitaja ziliuweka muziki juu ya dawa ya maumivu, hazikuuweka badala yake. Yule aliyeshuka kutoka saba hadi sita na nusu mara nyingi alikuwa ameshapewa dawa yake ya maumivu. Anayetaka kupeleka spika Milepa kwanza aangalie stoo ya dawa, na akikuta rafu tupu, aandike oda ya dawa kabla ya kuandika orodha ya nyimbo.

Baada ya hapo ndiyo mengine yaje, nayo hayahitaji mradi wala semina. Mama anayekwenda kliniki miezi ya mwisho aulizwe, pamoja na vifaa vya kujifungulia, akija atapenda kusikia nini. Yule kijana wa mnadani anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi atazipanga kwa dakika kumi. Spika za masikioni zifutwe spiriti kila zinapobadili mgonjwa, simu iingizwe kwenye mfuko safi wa plastiki, maana simu hubeba vijidudu. Sauti iwe ya chini. Na muuguzi asiondoke pale kichwani kwa sababu tu wimbo umeanza.

Nawe msomaji, ukiambiwa una tarehe ya upasuaji, chagua nyimbo tano kabla hujachagua khanga au shuka la kulalia. Ondoa zile za msibani. Mwambie ndugu anayekusindikiza zimo simu gani, na umwambie sista au dokta, bila aibu, kwamba utaomba kusikia. Kisha uliza, kwa sauti ile ile, sindano yako ya maumivu inayofuata ni saa ngapi.